Bolti Imegoma? Weka Bomba Chini Kwanza

Wiki iliyopita mzee mmoja alituletea Land Rover yake gereji, hapa Ngamiani, Tanga. Ni Series III, 109 ya pikapu, gari lililotumika miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza kabla ya kushuka mjini. Springi za mbele zimelala, anataka zibadilishwe. Kazi hiyo ilikuwa imeshaanzwa na fundi mwingine ikamshinda. Nilipoingia chini ya gari nikaelewa kwa nini: nati ya bolti ya shako (zile sahani mbili zinazoshika ncha ya springi kwenye fremu) imetolewa, na ncha ya bolti imepondwa kwa nyundo hadi imetanuka kama uyoga.

Niliumia. Nguvu iliyotumika pale ni ya siku nzima, na yote imekwenda bure, maana bolti ile haitoki kwa kugongwa. Kwenye Land Rover hizi sahani ya ndani ya shako ina meno ya kuzungushia bolti, kama ya ndani ya nati. Nati unayoiona kwa nyuma ni ya kulinda tu; ukishaitoa, bolti yenyewe unaifungua kwa kuizungusha kichwani kama bolti nyingine yoyote. Ukiigonga, unaponda meno yake ndani ya meno ya sahani, na hapo umejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuamua kwamba bolti imegoma, hakikisha unajua inatokaje. Malori mengi ya zamani nayo yana nati za magurudumu ya kushoto zinazofunguka kinyume. Nimeshakuta vijana wawili wamening'inia kwenye bomba walilochomekea spana ili kuirefusha, kumbe wanakaza.

Sasa kutu yenyewe. Sisi wa pwani tunaijua vizuri. Gari linalolala Raskazone, upepo wa kusi unalipulizia chumvi usiku kucha, halifunguki kama gari la umri uleule linaloshuka kutoka Lushoto. Chuma kikiliwa, kutu inayozaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi. Ndani ya nati nafasi hiyo haipo, kwa hiyo kutu inajibana katikati ya meno kama kabari. Kinachokushika ni kabari hiyo. Ukivuta kwa nguvu bila kuivunja, bolti itakatika na kutu itabaki palepale.

Ndiyo maana naomba bomba liwekwe chini kwanza. Spana ya bolti ndogo imetengenezwa fupi kwa makusudi, ili mkono wa mtu usipitilize uwezo wa bolti. Ukiichomekea bomba la mita moja, nguvu yako imezidishwa mara kadhaa na mkono hauhisi tena chochote. Na kuhisi ndiyo kazi yenyewe. Bolti inayokubali inalia "kwi", inakatiza ghafla, halafu inasogea. Bolti inayokaribia kukatika haina mlio huo: inakuwa laini mkononi, kama unasokota mpira au nta. Ukisikia ulaini huo, simama. Rudisha ilikotoka.

Mimi naanza na brashi ya waya. Sugua meno yaliyojitokeza mpaka chuma king'ae, maana kutu na udongo wa nje nao utalazimika kupita ndani ya nati. Kisha mafuta. Dizeli na mafuta ya taa yanasaidia kidogo. Mchanganyiko ninaouamini ni nusu oili ya gia boksi ya otomatiki na nusu asetoni, ileile wanayotolea rangi ya kucha saluni. Haikai pamoja, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotumia, na ikae mbali kabisa na moto na rangi ya gari. Paka jioni, gonga, paka tena asubuhi. Kwa Land Rover ya mzee nilifanya hivyo siku mbili, na yeye alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki.

Kugonga nako kuna namna yake. Weka pini ya chuma katikati ya kichwa cha bolti, piga mapigo makavu, mafupi. Lengo ni mtikisiko upasue kutu na kuacha njia ya mafuta kupenya. Halafu, kabla ya kufungua, kaza kidogo. Wanafunzi wangu hushangaa, lakini upande wa kukaza mara nyingi ndiko kutu inakoachia kwanza. Ikishasogea hata robo ya robo, nenda na rudi, nenda na rudi, huku unaongeza mafuta.

Spana nayo iwe yake. Bolti nyingi za Series ni za inchi. Bolti inayotaka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, watu wanaivalisha ya 13. Tofauti hiyo ya sehemu tatu za kumi za milimita inatosha kuviringisha kichwa kilicholiwa na kutu, kisha lawama inakwenda kwa gari. Tumia spana ya boksi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika kwenye kona tu.

Mafuta yakishindwa, ni moto. Pasha nati, usipashe bolti. Nati ya tundu la milimita 14 ikipandishwa joto nyuzi 500, tundu lake linapanuka karibu sehemu nane za mia za milimita. Ni kama unene wa unywele mmoja, na kwa kuvunja kabari unatosha. Iache ipoe kidogo, wekundu uishe, kisha gusisha mshumaa kwenye meno. Utaiona nta inayeyuka na kunyonywa ndani, moshi mweupe unapanda, na bolti iliyokuwa jiwe inazunguka kwa spana fupi. Kila nikiiona nta ikipotea vile nafurahi kama mara ya kwanza.

Lakini angalia unachoma wapi. Kwenye pikapu hizi tangi la mafuta liko chini ya kiti cha kulia, na petroli haina msamaha. Usipashe shokamzoba, wala sehemu iliyopuliziwa dawa ya kusafishia breki, maana baadhi ya dawa hizo zikipata moto hutoa hewa ya sumu inayoua.

Bolti ikikatika? Hapa nina kovu langu. Miaka ya nyuma nilikata stadi ya ekzosi (bolti isiyo na kichwa) ndani ya silinda hedi, nikatoboa katikati, nikaingiza kile chuma cha kuchomolea kinachozungushwa kinyume, nikakilazimisha. Kikakatikia mle ndani. Chuma kile ni kigumu kuliko kekee yoyote niliyokuwa nayo, na kazi ya saa moja ikala siku mbili za mteja. Tangu hapo sikitumii kwa bolti iliyokatika kwa sababu ya kutu. Kama imeshindwa kutoka ikiwa na kichwa kizima, kijiti chembamba kitaiweza wapi? Mwite fundi wa kuchomelea, aweke nati juu ya kisiki, ajaze ndani ya nati kwa moto wa kutosha. Joto la kuchomelea linaipasua kutu, na unapata kichwa kipya cha kushika.

Tukirudi kwa mzee: nilisaga ule uyoga ukaisha, nikapasha sahani, meno yakaachia. Bolti ikazunguka kidogo kisha ikajirudisha yenyewe, kama spana imefungwa kwenye springi. Ukiona hivyo, jua bolti imeungana na bomba la chuma la bushi, ule mpira unaokaa ndani ya jicho la springi, na kinachojizungusha ni mpira. Hapo sikupoteza muda. Bushi zilikuwa za kubadilishwa hata hivyo, kwa hiyo nikapitisha grainda ya diski nyembamba kati ya sahani na jicho la springi, dakika kumi kila upande.

Bolti mpya nilizipaka grisi ya shaba, hasa ule mwili unaopita ndani ya bushi, maana ndipo panapooza kwanza. Grisi hiyo siipeleki kwenye bodi, kwa sababu bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na shaba pamoja na chumvi huila ikabaki unga mweupe. Nati za shako nilizishika kwa mkono tu, nikashusha gari likasimama kwa magurudumu yake, nikalitikisa springi zikae, ndipo nikakaza. Ukikaza likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unabaki umesokotwa na mwaka hauishi umechanika.