Yukulele ya baritoni: kabla hujatuma pesa

"Ami, n'nunue hii?" Kijana wa hapa Langoni, Lamu, alininyooshea simu juzi baada ya alasiri, mikono yangu imejaa gundi. Yukulele, ile ala ya nyuzi nne kama gitaa dogo, na hii ni ya baritoni, bei si mbaya. Nikamuuliza atapiga na nani. Akanitazama kama nimemuuliza mahari.

Wengi hudhani baritoni ni yukulele iliyonenepa tu. Kweli ni kubwa: uzi wake, toka kichwani hadi kwenye daraja (kile kijiti cha tumboni kinachoshika nyuzi), ni kama sentimita 50, ilhali wa soprano, yukulele ndogo ya kawaida, ni kama 35 na wa gitaa 65. Lakini mambo yako kwenye sauti. Soprano, konseti na tenori, yaani zile ndogo zake, nyuzi hukazwa kutoa sauti za G, C, E, A, na mara nyingi ile G huwa ya juu. Ndiyo iletayo ule mlio wa kuchekacheka. Baritoni ni D, G, B, E, zikipanda kwa mpangilio, sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa. Mimi naihesabu gitaa dogo, wenye yukulele wanisamehe.

Basi kama tayari unapiga gitaa, huna la kujifunza upya. Kodi, ile mikao ya vidole, unazijua (si zile za serikali). Kama umezoea yukulele ndogo, vidole hukaa vilevile ila jina hubadilika: mkao wa C hapa hutoa G, wa F hutoa C. Ukikaa na wenzako wenye yukulele ndogo na daftari lao la nyimbo, utakuwa unatafsiri kichwani usiku kucha. Unaweza kubana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya tano (vile vyuma vya shingoni) ukapata G, C, E, A, lakini hapo ule uzito ulioulipia umeutupa.

Uzito huo ndio sababu hasa ya kuinunua. Mwenye sauti nene akiimba na soprano, chombo humkimbia juu. Baritoni humshika chini.

Kosa langu nililifanya mapema. Yangu ya kwanza niliikaza nyuzi zake zilezile hadi G, C, E, A, nikiona ni hatua chache tu. Kupandisha uzi hivyo huongeza mvutano kwa zaidi ya robo tatu. Asubuhi ya pili daraja lilikuwa limebanduka, na gundi yake imeng'oka na vipande vya ubao. Ukitaka sauti hizo, nunua nyuzi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Uzuri ni kwamba nyuzi za kawaida zikikatika hutahangaika. Seti ya gitaa la klasiki, ile ya nailoni, inafaa: chukua D, G, B na E nyembamba. Za chuma usithubutu, zitaing'oa. Ila ule uzi wa D umeviringishwa waya, na hewa yetu ya chumvi huula. Upanguse kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Vikaza nyuzi navyo hushika kutu, nami huvitia tone la mafuta ya cherehani.

Kuhusu mbao, zile za tabaka zilizogandishwa hazina utamu wa ubao mzima, lakini kwa unyevu wa Lamu hazivimbi wala kupasuka ovyo. Chombo cha kwanza, chukua hizo. Na mwambie muuzaji akifunge vizuri, maana kikishuka Mokowe, gatini kule bara, bado kina mashua ya kupanda.

Kijana akasema atapiga peke yake, barazani, na sauti yake imekuwa nene tangu mwaka jana. Nikalitoa gitaa langu kuukuu, nikafungua nyuzi mbili nene za juu, nikampa zilizobaki nne.

"Kaa nalo wiki moja," nikamwambia. "Ukizitafuta hizi mbili, usinunue."

Leo ni siku ya tano. Hajalirudisha, wala hajaja kuziulizia.