Mapenzi ya enzi za kauboi: tunayoyaamini na yaliyokuwapo

Riwaya za mapenzi za Magharibi ya Marekani zina kanuni zake: mwanamume mkimya juu ya farasi, mwanamke asiye na pa kwenda, na hatari inayowalazimisha kuaminiana kabla ya ukurasa wa mwisho. Nazipenda na nitaendelea kuzisoma. Lakini kumbukumbu za karne ya 19 zinaonyesha kuaminiana kwa namna nyingine, kunakonigusa zaidi: kulijengwa kwa miaka, kwa kazi, na mara nyingi mbele ya karani wa serikali.

"Mke aliweza kupatikana kwa kushinda karata."

Dhana hii imemng'ang'ania Polly Bemis. Alizaliwa China mwaka 1853, akauzwa na familia yake wakati wa njaa, akaingizwa Marekani kwa magendo, na mwaka 1872 akafikishwa Warren, kambi ya wachimba dhahabu milimani Idaho. Simulizi maarufu husema Charlie Bemis, mwenye baa, alimshinda kwenye kamari. Mwanahistoria Priscilla Wegars, aliyeyachunguza maisha ya Polly kwa miaka mingi, anaikataa hadithi hiyo.

Kilichoandikwa ni hiki. Sensa ya 1880 inawakuta wakiishi nyumba moja. Mwaka 1890 Charlie alipigwa risasi ya shavuni katika ugomvi wa kamari, na Polly ndiye aliyemuuguza mpaka akapona. Miaka miwili baadaye ikapita Sheria ya Geary, iliyowataka Wachina kuwa na hati ya ukaazi, la sivyo wafukuzwe nchini. Mwaka 1894 wawili hao wakafunga ndoa. Wapo wanaosema ndoa hiyo ilikuwa ya kumlinda Polly tu, kana kwamba kumlinda mtu na kumpenda ni vitu viwili vinavyogombana. Mimi sioni hivyo. Mwanamke aliyewahi kuuzwa kama bidhaa aliyaweka maisha yake mikononi mwa mtu aliyemjua kwa zaidi ya miaka kumi, mtu ambaye naye alikuwa hai kwa sababu ya mikono yake. Waliishi kando ya Mto Salmon hadi Charlie alipofariki mwaka 1922.

"Waliochumbiwa kwa matangazo ya magazeti walikuwa wamenunuliwa."

Gazeti la Matrimonial News, lililochapishwa San Francisco na Kansas City, lilibeba matangazo ya wanaume na ya wanawake pia. Mtangazaji alitambulishwa kwa namba badala ya jina, na barua zilipitia kwa mhariri. Kwa hiyo mwanamke aliweza kumpima mtu kwa maandishi yake kabla ya kumwambia yeye ni nani na anaishi wapi. Udanganyifu ulikuwepo, bila shaka. Lakini palikuwa na nafasi ya kukataa.

Wengine hawakufuata mume hata kidogo. Mwaka 1864 Asa Mercer, mkazi wa Seattle katika pwani ya Magharibi, aliwapeleka huko wanawake wachache, wengi wao kutoka Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya nguo uliokuwa umekosa pamba kwa sababu ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Waliahidiwa kazi ya ualimu. Wengi waliolewa baadaye, lakini wakiwa na ajira.

"Ni mapenzi ya Wazungu tu."

Mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na Waafrika-Wamarekani waliotoka utumwani. Chini ya utumwa ndoa zao hazikutambuliwa kisheria, na bwana aliweza kumuuza mume mbali na mkewe. Natamani riwaya nyingi zaidi zianzie hapo.

"Wakishaoana, basi mpaka kifo."

Ripoti ya serikali ya Marekani iliyosimamiwa na Carroll Wright ilihesabu talaka zaidi ya 328,000 nchini kote kati ya 1867 na 1886. Takriban theluthi mbili ya talaka hizo zilitolewa kwa maombi ya wake, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutelekezwa. Majimbo ya Magharibi yalijulikana kwa talaka nyingi. Mume aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta dhahabu akapotelea huko hakusubiriwa milele.

"Ardhi ni ya mume, mke hufuata tu."

Sheria ya Homestead ya 1862, iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi, ilimruhusu mwanamke asiye na mume, mwenye miaka 21 au zaidi, kujiandikishia hadi ekari 160, akae na kulima kwa miaka mitano ili apewe hati. Mmoja wao, Elinore Pruitt, alikwenda Wyoming mwaka 1909 pamoja na binti yake mdogo, kuwa mtunza nyumba wa mfugaji Clyde Stewart. Aliandikisha kwa jina lake mwenyewe ardhi iliyopakana na ya Clyde, na siku chache baadaye wakaoana. Katika barua alizomwandikia mwajiri wake wa zamani wa Denver, aliificha ndoa hiyo kwa muda mrefu, maana alitamani sana kuonekana amesimama peke yake.

Tatizo ni kwamba sheria ilitaka mwenye ardhi aishi juu yake, naye alikuwa akiishi kwa mumewe. Mwaka 1912 aliiachia, na aliyeichukua baada yake kwa kujiandikisha upya alikuwa mama mkwe wake, Ruth Stewart.