Aibu Mbili za Msomaji wa Vampaya

Hivi karibuni, katika utetezi wa tasnifu, mtahini mwenzangu alimsikiliza mwanafunzi akichambua usawiri wa jinsia katika mfululizo wa Twilight, riwaya za Stephenie Meyer kuhusu msichana Bella na mpenzi wake vampaya, Edward, akafunga kabrasha lake, kisha akatoa ile hukumu ambayo masikio yangu yamechoka nayo: kwamba riwaya hizi huwafundisha wasichana kumpenda mwanamume anayewanyanyasa, na kwamba anayezisoma kwa raha hajui anachokisoma. Mwanafunzi alinyamaza kwa heshima. Mimi nilinyamaza kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na hukumu hiyo naijibu hapa.

Nasaba ya vampaya, mfu anyonyaye damu, nitaipitia mbio, kwa kuwa kila kitabu cha kiada kinayo: mwandishi Polidori alimfanya mwungwana mtanashati mwaka 1819, Le Fanu akamfanya mwanamke anayemtamani mwanamke mwenzake mwaka 1872, na Stoker, mwandishi wa Dracula, akamweka katika kasri kama bwana mkubwa mwaka 1897. Katika mikono yote mitatu alikuwa njia ya kuandika tamaa ambayo haikuruhusiwa kuandikwa waziwazi. Alichokifanya Stephenie Meyer kuanzia mwaka 2005 ni kuiweka tamaa hiyo katika kinywa cha msichana wa miaka 17, kwa nafsi ya kwanza, karibu mfululizo mzima, isipokuwa pale Jacob, rafiki anayempenda Bella pia, anapopewa zamu ya kusimulia.

Wanaodai kwamba Bella ni mhusika bapa asiyefanya lolote huhesabu matendo yake na kuyasahau macho yake. Kuhusu sura yake mwenyewe hutuambia machache: ngozi iliyopauka, miguu inayojikwaa hata mahali pa tambarare, basi. Anayeelezwa ni Edward, ukurasa baada ya ukurasa, nywele, taya, sauti, hata harufu ya pumzi yake, mpaka mhariri mwenye huruma angeishika kalamu nyekundu. Katika kitabu cha kwanza kuna onyesho la uwanda wa maua ambapo mvulana amejilaza majanini, shati wazi, ngozi ikimeremeta juani, huku msichana ameketi kando akimtazama na kumgusa kidole kwa kidole. Nadharia ya utazamaji wa kiume, iliyobuniwa kueleza namna kamera inavyomgeuza mwanamke kuwa kitu cha kutazamwa, hapa inasimama kichwa chini miguu juu. Ni kweli kwamba punde tu kijana huyohuyo anang'oa tawi la mti na kumkumbusha msichana kwamba hawezi kumkimbia. Meyer hatoi kwa mkono mmoja bila kuchukua kwa mwingine.

Mgawanyo wa kazi ya kulinda mipaka nao umegeuzwa. Katika malezi ambayo wengi wetu tuliyapata, mvulana hutaka na msichana hukataa. Msichana ndiye mlinzi wa heshima ya wote wawili, na mambo yakiharibika ndiye anayeulizwa alikuwa wapi. Katika kitabu cha tatu, Eclipse, Bella ndiye anayetaka kwenda mbele, na Edward, aliyezaliwa mwaka 1901 na kuyabeba maadili ya wakati huo hadi karne nyingine, ndiye anayesema hapana, tusubiri ndoa. Msomaji wa miaka 14 anapewa kitu adimu: hadithi ambamo msichana anaruhusiwa kutaka kwa moyo wake wote bila kubebeshwa pia zamu ya kulinda. Kwa maoni yangu, raha ya riwaya hizi imelala hapo zaidi kuliko katika meno au katika hatari, na mhakiki asiyeiona raha hiyo hana haki ya kuihukumu.

Gharama yake ni kwamba anayelinda ndiye anayeamua, na hapa mtahini mwenzangu angekuwa na hoja nzito laiti angetaja ukurasa mmoja tu. Ningemchagulia ule wa pikapu. Katika kitabu hichohicho cha tatu, Bella anaazimia kwenda kumtembelea Jacob, anaingia katika gari lake kuukuu, anazungusha ufunguo, injini haiwaki. Anageuka, na kumbe Edward ameketi pembeni yake, mkononi ameshika kifaa alichokichomoa kwenye injini. Haombi radhi, anaahidi kwamba gari litakuwa tayari kwa safari ya shule. Kisha anamwambia kwamba kama hataki aje chumbani usiku huo, afunge dirisha. Bella anapanda juu kwa hasira, analibamiza dirisha, analitazama kitambo, kisha analifungua wazi kabisa.

Nimelifundisha onyesho hilo mara nyingi, na bado linanisumbua, kwa sababu kila usomaji wangu huangushwa na dirisha lile. Nikisema kwamba huu ni udhibiti wa mwanamume juu ya mwendo wa mwanamke, maandishi yenyewe yanakubaliana nami: Bella anakasirika, na baadaye Edward anabadili msimamo, hata anamsindikiza kwa gari mpaka kwenye mpaka wa eneo la akina Jacob. Nikisema kwamba riwaya imelikemea kosa hilo, dirisha lililo wazi linanikatalia, maana msamaha umetolewa kabla ya kuombwa. Tena kuna onyesho baya zaidi ambalo mtahini mwenzangu hakulitaja: Jacob anambusu Bella kwa nguvu, Bella anamtwanga ngumi na kuuvunja mkono wake mwenyewe, na baba yake, ambaye ni mkuu wa polisi wa mji, anapopewa sababu ya ngumi ile anampongeza kijana. Katika busu lile na pongezi zile vampaya hayupo. Ni jirani mwema, rafiki wa familia, na baba mwenye beji.

Kinachoniudhi kuliko yote ni namna aibu mbili zinavyochanganywa. Ya kwanza ni aibu ya kuonekana unakipenda kinachopendwa na wasichana. Mwaka 2009, katika maonyesho makubwa ya vibonzo na filamu ya San Diego, kulikuwa na mabango yaliyodai kwamba Twilight imeyaharibu maonyesho hayo, ambayo washiriki wake huvaa mavazi ya mashujaa wa kubuni bila kuona haya yoyote. Nyumbani kwetu, vizazi vya wanaume vimesoma visa vya Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi anayeua na kutongoza kwa wepisi uleule, na sijawahi kumsikia mtahini akiuliza kama wasomaji hao wataweza kutofautisha hadithi na maisha. Aibu hii haina kazi yoyote isipokuwa kumdunisha msomaji, na ningependa itupwe.

Ya pili ni aibu ya kufurahia kwenye karatasi jambo ambalo usingelivumilia sebuleni kwako. Hii ina kazi. Msomaji anayecheka, akasema "najua ni upuuzi," kisha akafungua sura inayofuata, amekwisha kufanya uhakiki wake, hata kama hana istilahi. Tatizo ni kwamba kwa sikio la nje aibu hizi mbili hutoa sentensi ileile, na wakati mwingine msomaji mwenyewe hawezi kusema ni ipi iliyomfanya aligeuze jalada la kitabu ndani ya basi. Ndiyo maana siiamini hoja rahisi ya upande wangu, kwamba aibu ni ushahidi wa ufahamu. Huenda ni hofu ya kuchekwa tu.

Wenzangu wengi hukimbilia kwa Janice Radway, ambaye mwaka 1984 alichapisha utafiti juu ya wasomaji wa riwaya za mapenzi nchini Marekani, wanawake waliomweleza kwamba kusoma kwenyewe ni muda wao, unaochukuliwa kutoka kwa mume, watoto na jiko. Wanainukuu sehemu hiyo na kuiruka nyingine, ambapo anaonyesha kwamba riwaya hizo humzoeza msomaji kuufasiri ukali wa mwanamume kama mapenzi yaliyofichika. Zaidi ya hayo, wengi wa wasomaji wake walikuwa wake na mama wa watoto. Kumhamishia mwanafunzi wa kidato cha pili hitimisho lao ni kuruka mto mpana, nami huuruka kila muhula kwa kukosa daraja bora.

Meyer mwenyewe alijaribu kuwajibu wakosoaji mwaka 2015 kwa Life and Death, toleo la kitabu cha kwanza lenye jinsia zilizobadilishwa: Beau ndiye binadamu, Edythe ndiye vampaya. Alitaka kuonyesha kwamba udhaifu ulikuwa wa binadamu mbele ya vampaya, wala si wa mwanamke mbele ya mwanamume. Jaribio ni zuri, lakini alibadilisha na mwisho, kwani Beau anageuka vampaya palepale, wakati Bella alisubiri mpaka kitabu cha nne. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja huwezi kujua lipi limeleta tofauti. Na alichokigeuza ni kitabu cha kwanza peke yake. Pikapu, dirisha na pongezi za baba viko katika cha tatu, na hakuna toleo ambalo Edythe ameketi ndani ya gari la Beau na kifaa cha injini mkononi, wala ambalo msichana anambusu Beau kwa nguvu na baba wa Beau akampongeza msichana huyo.