Je, Wajua? Jina Vaseline Lilitokana na Maji au na Vyombo vya Maua?

Asubuhi moja ya siku ya shule, katika duka dogo la mtaani Sinza, mtoto aliyevaa sare alimwamkia mwenye duka, ambaye sisi wa Dar es Salaam humwita Mangi hata kama hatoki Kilimanjaro, kisha akasema kwamba mama yake amemtuma vaselini. Mangi akaitikia marahaba na kumuuliza swali ambalo wengi wetu tumewahi kuulizwa: "Vaselini yenyewe, au mafuta ya mgando yoyote?" Mtoto akasita, maana kwao hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, na hatimaye akaondoka na kopo lililoandikwa jina la kampuni nyingine kabisa. Bila shaka mama yake alilipokea bila neno, akampaka mwanawe usoni na miguuni, na siku ikaendelea.

Jina la bidhaa moja kugeuka jina la bidhaa zote za aina yake si jambo geni kwetu. Nepi za kutupa tunaziita pampasi, ziwe zimetengenezwa na nani, na zipo nyumba nyingi ambamo dawa yoyote ya meno ni kolgeti. Hata hivyo, asili ya jina Colgate haina mjadala: ni jina la ukoo la William Colgate, aliyeanza biashara yake ya sabuni na mishumaa New York mwaka 1806. Jina Vaseline ni habari tofauti, kwa sababu mtu aliyelibuni anajulikana, mwaka lilipoingia kwenye maandishi unajulikana, na bado watu hawakubaliani lilitoka wapi. Wapo wanaosema lilitokana na neno la maji, na wapo wanaosema lilitokana na vyombo vya kuwekea maua.

Aliyelibuni ni Robert Chesebrough, aliyezaliwa London mwaka 1837 kwa wazazi Wamarekani na kukulia New York. Katika ujana wake kazi yake ilikuwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na mafuta ya nyangumi. Mwaka 1859 Edwin Drake alipochimba kisima na kupata mafuta ya petroli huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, biashara ya kijana huyo ilipoteza maana, kwa sababu hapakuwa tena na haja ya kumfukuza nyangumi baharini wakati mafuta ya kuwashia taa yanatoka ardhini. Chesebrough akafunga safari kwenda Titusville kutazama kama kuna riziki mpya. Huko alikuta wafanyakazi wakilalamikia utomvu mzito uliokuwa ukiganda kwenye vyuma vya mashine za kuvutia mafuta, ambao ilibidi wausimamishe mtambo kila mara ili kuukwangua. Lakini wafanyakazi haohao, wakijikata au wakiungua, waliuchota utomvu uleule na kuupaka kwenye jeraha, wakisema unaliponya upesi.

Chesebrough alichukua kiasi cha utomvu huo, akarudi nao Brooklyn, na akatumia miaka mingi kutafuta namna ya kuusafisha. Alichuja kwa kutumia mkaa wa mifupa, akapata mafuta mepesi kwa rangi, yasiyo na harufu mbaya, ambayo aliyajaribu kwenye majeraha na michomo aliyojitia mwenyewe mwilini. Tarehe 4 Juni 1872 alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ya Marekani namba 127,568, na humo ndimo anamotamka kwamba amevumbua zao jipya na lenye manufaa kutokana na petroli, ambalo amelipa jina la "Vaseline". Msomaji wa leo angetarajia ngozi ya binadamu itajwe mwanzo kabisa, lakini matumizi yanayotangulia katika maandishi hayo ni kulainishia ngozi za wanyama katika kazi ya watengeneza ngozi, kisha kulainishia mitambo, na baadaye ndipo inapotajwa mikono iliyopasuka. Kuhusu maana ya jina, hataza hiyo haisemi lolote. Ukimya huo ndio uliofungua mlango wa mjadala.

Maelezo ya kwanza, ambayo ndiyo yanayopatikana katika kamusi kubwa za Kiingereza, yanaligawa jina hili katika vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni neno la Kijerumani "Wasser", yaani maji, ambalo Wajerumani hulianza kwa sauti ya V ingawa huliandika kwa W. Kipande cha pili ni neno la Kigiriki "elaion", yaani mafuta, na hasa mafuta ya zeituni. Kipande cha tatu ni kiishio "-ine", ambacho wanakemia wa karne ya 19 walikiongeza karibu kwenye kila kitu walichokipa jina. Kwa hiyo Vaseline ingekuwa na maana ya maji na mafuta yaliyounganishwa pamoja.

Maelezo ya pili ni hadithi ya nyumbani, na kwa sababu hiyo inapendwa zaidi na wasimulizi. Inasemekana kwamba Chesebrough alipokuwa akifanya majaribio yake aliishiwa na vyombo vya maabara, akaanza kuchukua vyombo vya maua vya mke wake na kuvijaza mafuta. Kwa kuwa chombo cha maua kwa Kiingereza ni "vase", akalichukua neno hilo na kuliongezea "line", ambayo wasimulizi hudai ilikuwa kiishio cha kawaida cha majina ya dawa za wakati huo.

Mimi naegemea upande wa maji, na sababu yangu ya kwanza inaweza kusikika vizuri katika Kiswahili kuliko hata katika Kiingereza. Tamka kwa sauti majina haya tuliyoyapokea kutoka famasi: kwinini, mofini, glisirini, vaselini. Sikio linayatambua mara moja kuwa ni ndugu, na linachokitambua ni ule mwisho wa "-ini", ambao ndio "-ine" ya wanakemia. Katika kwinini na mofini hakuna L popote karibu na mwisho. Kiishio cha kawaida, basi, ni "-ine", na hadithi ya vyombo vya maua inapodai kwamba kilikuwa "-line" inaazima herufi ambayo haikuwa yake. Ukiondoa "-ine" kwenye Vaseline unabaki na "Vasel", na ile "el" inadai maelezo. Katika neno la Kigiriki "elaion" iko wazi, imekaa mahali pake pa mwanzo. Katika hadithi ya maua haina pa kukaa.

Kuna pia sauti ya mwanzo. Wamarekani hutamka "vase" kwa sauti inayokaribia "veis", wakati silabi ya kwanza ya Vaseline ina A iliyo wazi, kama ile ya Wasser. Hoja hii peke yake si nzito, kwani matamshi hubadilika neno linaporefushwa, lakini ikiwekwa pamoja na ile ya herufi L inaongeza uzito.

Anayepinga anaweza kuuliza kwa haki: mfanyabiashara wa Brooklyn alipata wapi Kijerumani na Kigiriki, na kwa nini avichanganye? Jibu liko katika kazi yake. Kijerumani kilikuwa lugha kuu ya kemia katika zama hizo, na Kigiriki ndicho kilichokuwa ghala la majina ya vitu vipya. Neno la Kiingereza la mafuta ya taa, "kerosene", bidhaa ambayo Chesebrough aliiuza kabla ya yote, lilibuniwa na Abraham Gesner kutokana na neno la Kigiriki "keros", yaani nta. Glisirini, ambayo inatajwa katika hataza yake mwenyewe, inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya utamu. Hata jina la petroli lenyewe ni "petra", mwamba, na "oleum", mafuta, na hiyo "oleum" ya Kilatini ilitokana na "elaion" ileile. Mtu aliyeishi katikati ya majina ya namna hii hakuhitaji kuwa msomi wa lugha za kale ili kubuni jingine la kufanana nayo. Kuhusu kuchanganya lugha mbili, tunatazama televisheni kila jioni bila kujali kwamba "tele" ni Kigiriki na "visheni" inatokana na Kilatini.

Swali gumu zaidi ni kwa nini maji. Mafuta haya hayana tone la maji ndani yake, na mtu yeyote aliyewahi kupaka mkono kisha akaupitisha chini ya bomba ameona jinsi maji yanavyojikusanya kwa matone na kuteleza bila kushika. Inaelezwa kwamba Chesebrough aliamini kuwa petroli huzaliwa chini ya ardhi pale maji yanapovunjwavunjwa na joto na mgandamizo, na haidrojeni yake kuungana na kaboni ya miamba. Leo tunajua kwamba sivyo: petroli hutokana na mabaki ya viumbe wadogo wa majini waliofunikwa na tope na kupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Lakini imani hiyo haikuwa ya kijinga kwa zama zake. Mwanakemia mkubwa wa Urusi, Dmitri Mendeleev, ambaye alitembelea visima vya Pennsylvania mwaka 1876, alichapisha mwaka uliofuata nadharia yake kwamba petroli hutengenezwa maji yanapopenya chini sana na kukutana na kaboni iliyoungana na chuma. Ikiwa Mendeleev aliona maji ndani ya asili ya petroli, si ajabu kwamba Chesebrough naye aliyaona, na akayaweka katika jina.

Hadithi ya vyombo vya maua nayo inastahili kuelezwa ilikopata nguvu, kwa maana haikuenea bure. Mtu akikutana na neno asilolijua, sikio lake hutafuta ndani yake neno analolijua, kisha akili hutunga tukio la kuyaunganisha. Mwingereza akisikia Vaseline anasikia "vase", na Mswahili anaweza kabisa kusikia "vazi" na kuanza kufikiria mafuta yanayouvika mwili. Tukio lenyewe linaweza hata kuwa la kweli, kwani mtu anayefanya majaribio nyumbani huchukua chombo kilicho karibu, lakini kutumia vyombo vya maua ni jambo moja na kuyapa mafuta jina la vyombo hivyo ni jambo jingine.

Sisi wakazi wa jiji hili tunaufahamu ubishi wa namna hii kwa karibu, kwa sababu jina la mji wetu nalo linabishaniwa. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, yaani miaka ileile ambayo Chesebrough alikuwa akichuja utomvu wake Brooklyn, mji ulipata jina ambalo wengine hulifasiri kuwa ni "dar", nyumba, ya amani, na wengine wakasema limefupishwa kutoka "bandar", yaani bandari ya amani. Ubishi huo ni mgumu kuliko huu, kwa kuwa mji ni bandari kweli na ni makazi kweli, na sauti za maneno zinakubali pande zote mbili. Katika Vaseline sauti zimeegemea upande mmoja, na ndiyo maana nathubutu kuchagua.

Jina hilo lilipokwisha kutoka mikononi mwa mwenyewe lilienda mbali. Katika Kijerumani, Kifaransa na Kihispania limekuwa neno la kawaida la mafuta ya aina hii, ya kiwanda chochote. Wafamasia wa Marekani, ambao hawakutaka dawa yao iitwe kwa alama ya biashara ya mtu mmoja, waliyaingiza katika orodha yao rasmi ya dawa ya mwaka 1880 kwa jina la petrolatamu, na kwa hiyo makopo mengi yanayouzwa Kariakoo yana maandishi ya Kiingereza yanayomaanisha jeli ya petroli na hayathubutu kuandika Vaseline.

Kiswahili, kwa upande wake, kilipokea vaselini na papo hapo kikatengeneza jina lake chenyewe, mafuta ya mgando, kutokana na kitenzi "ganda", kama tunavyosema maziwa mgando. Ni jina lililotoka katika kutazama kitu chenyewe, kama vile mafuta ya taa yalivyopata jina kutokana na kazi yake. Pia linasaidia kueleza jinsi yanavyofanya kazi: ule mgando hukaa juu ya ngozi kama kifuniko na kuyazuia maji ya mwili yasipotee hewani, ndiyo maana mama anayejua humpaka mtoto mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na mwenye magaga huyapaka usiku kisha akavaa soksi.

Mafuta haya hulainika sana yanapokaribia joto la mwili, na kuanzia nyuzi 38 za Selsiasi hivi, kutegemea aina, huanza kuyeyuka. Mwezi wa Februari, kopo lililosahaulika dirishani tangu asubuhi hukutwa mchana limejaa kitu chepesi kinachocheza kila upande unapoliinamisha, kikiwa angavu kama maji. Ukiliweka kivulini, kufikia saa mbili za usiku limeganda tena. Lakini kwa zile saa chache za jua, kilichomo ndani kinafanana zaidi na jina alilolichagua Chesebrough kuliko na letu.