Mtoto yuko wodini, mama halali: usingizi baada ya kujifungua njiti

Mama anapotoka hospitali akimwacha njiti wake, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wodini, ndugu humwambia: "Lala sasa, mtoto akija hutapata nafasi." Wanasema kwa mapenzi. Lakini nikiwa daktari wa watoto wachanga, nakutana kila mara na akina mama ambao nafasi wanayo na usingizi hawana. Kwa hiyo siwaulizi wamelala saa ngapi. Nauliza hivi: ukipata nafasi, unalala?

Kukosa nafasi ni jambo moja, kushindwa kulala ni jingine, na kwa mama aliyejifungua kabla ya wiki 37 za ujauzito mara nyingi yote mawili yanakutana. Kondo la nyuma ndilo lililokuwa likitengeneza projesteroni kwa wingi, homoni ambayo pia huleta usingizi. Likitoka, kiwango chake hushuka ghafla. Hilo humpata kila mzazi, ila mama wa njiti mara nyingi ana pia kidonda cha upasuaji, au shinikizo la damu lililosababisha mtoto atolewe mapema. Juu ya yote kuna hofu. Mwili wake unakaa macho ukisubiri simu ya wodi, na wengine wanaendelea kusikia milio ya mashine wakiwa kitandani kwao.

Halafu kuna maziwa. Mtoto asiyeweza kunyonya anahitaji mama akamue kila baada ya saa 2 au 3, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, kwa kuwa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Saa 7 za usingizi uliokatwakatwa hazilingani na saa 7 zilizonyooka, maana usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa usiku, na kila anayeamshwa hulazimika kuanza safari upya. Ndiyo maana napigania kipande kimoja cha saa 4 hivi kisichoguswa. Mama akamue kabla ya kulala na mara tu akiamka, mara zilizobaki zisogezwe mchana. Simu ya wodi ishikwe na baba, dada au mama mkwe. Asubuhi atoke nje apate mwanga wa jua, kwa sababu anayeshinda chini ya taa za wodi mwili wake husahau upi usiku na upi mchana.

Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njiti aanze kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Akina mama wengi hutulia na kusinzia wakiwa hivyo. Wodini, mtoto akiwa amefungwa vizuri na muuguzi anaangalia, sawa. Nyumbani, kusinzia naye kwenye kochi ni hatari ya kweli, kwani mtoto anaweza kukosa hewa.

Mtoto akiruhusiwa, usingizi wa mama mara nyingi huharibika zaidi. Njiti hulala kwa fujo: anaguna, anajinyonga, anapumua kwa kasi kisha anatua sekunde chache. Mama anaruka kila mara. Mguno na kujinyonga si ugonjwa. Pumzi ikikatika sekunde 20 au zaidi, au midomo ikigeuka bluu, hiyo ni dharura. Wala msitegemee ajue usiku na mchana mapema. Hesabuni umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa miezi miwili, akitimiza mitatu, mwenendo wake ni wa mtoto wa mwezi mmoja.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mama akijibu, "Nachoka, mtoto ameshikwa na mtu ninayemwamini, lakini silali," na hali hiyo ikaendelea pamoja na huzuni au hofu isiyoisha, namfikiria sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, la kuchunguza sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10, lina swali zima kuhusu kukosa usingizi kwa sababu ya huzuni. Sonona inatibika, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Lakini mama asiyelala na wala hasikii uchovu, anayeongea mfululizo, anayesikia sauti au kuanza kushuku watu wa nyumbani, asisubiri kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.