Kwa Nini Mnavu Hukataliwa, Sokoni na Mezani

Katika kazi yangu ya lishe, akina mama huniuliza mara kwa mara jinsi ya kumlisha mtoto mnavu, ile mboga ya majani yenye uchungu, bila ugomvi, nami huwarudisha kwanza sokoni, kwa sababu sehemu ya uchungu huo huanzia kwenye fungu walilolichagua.

Mtazame mnunuzi mzoefu pale soko la Kilombero, Arusha. Kabla ya kuuliza bei hugeuza majani atazame upande wa chini, kisha hukunja bua kwa kidole gumba: likikatika papo hapo, mboga ni changa, likipinda tu bila kukatika, imekomaa, na mnavu uliokomaa huwa mchungu zaidi. Hapo yuko sahihi. Lakini mnunuzi huyohuyo huliweka kando fungu lenye matundu mawili matatu ya wadudu, na hapo ninapingana naye kabisa. Tundu dogo haliondoi madini ya chuma wala lishe nyingine iliyobaki kwenye jani, ilhali jani lisilo na doa halituambii lolote kuhusu dawa iliyopuliziwa shambani, wala kama mkulima alisubiri siku zinazotakiwa kabla ya kuvuna. Mkulima akishajua kwamba mboga yenye matundu itamdodea, atapuliza, hata pasipo na haja.

Mtoto anayekunja uso naye hadeki. Kwa kawaida watoto huhisi uchungu kwa ukali kuliko watu wazima, na hata watu wazima hawaonji sawa: mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa Marekani alibaini kwamba kemikali iitwayo PTC ni chungu mno kwa baadhi ya watu, na kwa wengine haina ladha kabisa.

Wengi huukabili uchungu kwa magadi, au kwa kumwaga maji ya kuchemshia. Magadi hulainisha majani na kuyaacha ya kijani, lakini huharibu vitamini C. Maji yanayomwagwa nayo huondoka na sehemu ya vitamini hiyo pamoja na foleti, vitamini nyingine ya mboga za majani. Ninapendelea maziwa, karanga zilizosagwa au tui la nazi, pamoja na chumvi kidogo, ambayo hupunguza makali ya uchungu ulimini. Kwa mtoto anayeanza, changanya mnavu kidogo na mchicha mwingi, na usikate tamaa akiukataa mara ya kwanza: mara nyingi huhitaji kuonjeshwa mara nane au zaidi, bila kulazimishwa, kabla hajauzoea.