BIOS haisomi faili lako la GRUB

Juzi usiku nimepigiwa simu na kijana anayetunza seva ya watu iliyoko Kondoa, yeye yuko Ipagala mimi niko Area C, wote hapa Dodoma, "Kaka, nimeweka console=ttyS0,115200 kwenye GRUB, nimeristati, mbona BIOS siioni?" Anataka kuiona seva kwa mbali kupitia porti ya seriali, tangu BIOS, yaani programu ya bodi inayoamka kwanza. Mwezi huu ni mtu wa tatu huyo na swali ni lilelile, basi naliandika hapa.

Mdogo wangu, ile console=ttyS0 (ttyS0 ni porti ya seriali ya kwanza) unaiambia kerneli, kiini cha Linux. Kerneli! Umeme ukirudi inaamka BIOS kwanza, ikimaliza inaiachia GRUB, programu ya kupakia mfumo, ndio GRUB inaiita kerneli, sasa wewe umeongea na wa tatu kwenye foleni halafu unashangaa wa kwanza hajasikia. Setingi za BIOS ziko kwenye chipu ya bodi, haziko kwenye diski, kwa kawaida inabidi mtu aingie humo na skrini na kibodi awashe Console Redirection, yaani kupeleka skrini ya BIOS kwenye seriali, achague porti na spidi. GRUB nayo ina mistari yake, serial --unit=0 --speed=115200, halafu terminal_input na terminal_output uzielekeze kwenye serial. Spidi iwe moja kote, ukiona herufi za ajabuajabu anza kuangalia hapo. Adapta ya USB ya seriali kwenye laptopu yako haina shida, ila upande wa seva tumia porti ya bodi yenyewe, BIOS usiitegemee kuwa na draiva ya adapta. Ukipitia ipmitool sol activate, amri ya kuileta seriali kwa mtandao, angalia vizuri, mara nyingi ni porti ya pili, COM2, yaani ttyS1.

Sasa F2, kitufe cha kuingilia BIOS kwenye bodi nyingi, hapa ndipo watu wananichosha. Kwenye waya wa seriali hakuna F2! Zinapita herufi tu, ukibonyeza F2 laptopu inatuma mlolongo unaoanza na Esc, na mlolongo wenyewe unategemea terminali yako inajifanya aina gani. VT100 ya asili, terminali ya zamani ambayo programu za leo zinaiiga, ilikuwa na vitufe vinne tu vya namna hiyo, F10 ya kusevu utaitoa wapi? Ndio maana mimi naweka VT100+, aina iliyoongezewa vitufe, kwenye BIOS halafu nabonyeza Esc kisha 2 kupata F2, Esc kisha 0 kupata F10, Esc na kistari kupata Delete. Na sitaficha, kuna bodi nabonyeza Esc 2 mara kumi haitaki, ya kumi na moja inakubali. Nadhani ni muda, herufi ya pili ikichelewa njiani BIOS inachukulia umebonyeza Esc peke yake, na kwa intaneti yetu hii kuchelewa ni kawaida.

Halafu kuna Redirection After POST kwenye BIOS za zamani, yaani kuendelea kutuma skrini hata BIOS ikishamaliza ukaguzi wake wa kuwaka (POST). Ukiiacha imewashwa, BIOS inaendelea kunasa maandishi ya skrini na kuyatuma, GRUB nayo inatuma ya kwake, kila kitu kinatoka mara mbili, mtu anaenda kununua kebo mpya ya seriali (null modem) bure. Izime.

Kijana kesho anapanda basi la Kondoa, kibodi iko kwenye begi. Nimemwambia GRUB asiiguse, aanze na BIOS, na kabla hajafunga chumba achomoe skrini, aizime seva na kuiwasha mara mbili, mimi nikiwa naangalia kwenye terminali huku Dodoma.